Aliyemwaga oili nusu ya uwanja kapewa kikombe, aliyevunjika mtulinga hayupo hata kwenye matokeo

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira na sitaki kusubiri zipoe. Zikipoa nitaandika kistaarabu, na jambo hili litapita kimya kama yanavyopita mengine.

Ni mbio zetu za pikipiki za klabu, daraja la 600 (injini za cc 600), wikiendi iliyoisha. Sisi ni watu wa ridhaa. Kiingilio unalipa mwenyewe, tairi unanunua mwenyewe, injini unafunga usiku baada ya kazi, ukianguka spea ni juu yako. Hatuidai klabu mshahara. Tunaidai kitu kimoja tu, isimamie sheria ilizoziandika yenyewe.

Tuanze na ukaguzi. Jumamosi asubuhi mvua inanyesha, foleni imefika hadi getini. Zamu yangu ilipofika, mkaguzi alitoa rula akapima namba za pikipiki: urefu, unene, nafasi kati ya tarakimu na tarakimu. Akageuza helmeti kutafuta lebo ya ECE, alama ya kiwango cha usalama. Akagonga mgongo wa suti ya ngozi kuhakikisha kinga ya uti wa mgongo ipo. Akaangalia waya wa usalama kwenye nati ya kumwagia oili na kwenye filta. Sina neno, waya ule una kazi yake, nati ikilegea kwa mtetemo waya unaishika isidondoke. Kisha akanibandikia stika, haya, anayefuata.

Kifuniko cha rejeta hakukigusa. Nilibaki pale nimejikinga mvua chini ya turubai lao, nikawatazama waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni. Sikuona kifuniko hata kimoja kikifunguliwa.

Kwa mnaokuja kwenye mchezo huu karibuni, kulanti ya kawaida, yaani maji ya kupoza injini yanayowekwa kwenye rejeta, ina glaikoli, na glaikoli imepigwa marufuku na klabu nyingi za mbio za lami. Maji yakimwagika yanakauka. Glaikoli haikauki upesi hivyo, inaacha utando wa utelezi juu ya lami ambao macho hayauoni ukiwa kwenye mwendo, na hautoki mpaka uoshwe. Ndiyo maana tunatembea na maji matupu, au maji yenye dawa ya kutu isiyo na glaikoli. Kuipima si kazi: unaweka tone moja kwenye kioo cha kipimo cha mkononi, unachungulia, umeshajua. Rula ya namba inachukua muda mrefu kuliko hapo.

Basi mchana lami imekauka, daraja la 1000 wako uwanjani, pikipiki moja ikapasua mpira wa rejeta palepale watu wanapofunga breki kuingia kona ya kwanza. Maji ya kijani. Kila aliyekuwa ukutani aliyaona, na kila mtu anajua maji matupu hayana rangi ya kijani. Uwanja ukafungwa, gari la maji likaja, watu wakasugua na mabrashi, jioni ikaingia. Mazoezi yetu ya kupanga nafasi yakafutwa. Gridi, yaani safu ya kuanzia mbio, ikapangwa kwa muda wa mazoezi ya asubuhi, yaani yale ya kwenye mvua, ambayo mtu mwenye akili hakukaza mwendo kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba yangehesabiwa. Nikajikuta nyuma kabisa. Na yule wa kijani? Jumapili yuko kwenye gridi kama kawaida, kabadilisha mpira, stika yake ileile.

Hayo ningeyameza. Mbio za kwanza Jumapili zilikwenda salama, nikapita watu kadhaa, maisha yakaendelea.

Za pili ndizo zilizonileta hapa.

Mnajua kava la chini ya injini, lile tunaloliita beseni. Kazi yake si urembo. Sheria inataka liweze kubeba angalau nusu ya oili na maji yote ya injini, ili injini ikipasuka mzigo ubaki ndani usishuke kwenye lami. Beseni lina matundu ya kutolea maji ya mvua, na matundu hayo yana vizibo vya mpira. Mvua ikinyesha unatoa vizibo, lami ikikauka unarudisha. Beseni lenye matundu wazi kwenye lami kavu ni sawa na kutokuwa na beseni.

Jumamosi asubuhi mvua, vizibo vikatolewa, na ni sahihi. Lakini ukaguzi ulifanyika mara moja tu, asubuhi ile ile, kwenye mvua ile ile! Tangu hapo hadi mbio za mwisho za Jumapili hakuna aliyepita piti, pale tunapoegesha na kutengeneza pikipiki, kuinama na kutazama. Stika ipo, yatosha.

Mzunguko wa 7 kati ya 10, pikipiki iliyokuwa ya tatu ikaanza kutoa moshi. Moshi mweupe mzito, wa oili kuungua kwenye ekzosi. Ikapita mstari wa kumalizia mbele ya meza ya viongozi ikiwa inafuka hivyo hivyo. Kuna bendera ya kazi hiyo wakuu, nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa, unaioneshea pamoja na namba ya mhusika, maana yake chombo chako ni kibovu, toka uwanjani sasa hivi. Bendera hiyo haikutoka. Mmoja wa washika bendera aliniambia kwa mdomo wake kwamba alitoa taarifa ya moshi kwa redio kabla jamaa hajafika mstarini. Nani aliipokea taarifa hiyo, na alikuwa anafanya nini?

Jamaa naye. Injini imetoboka ubavuni, nguvu zimekwisha, kila mtu anampita. Kanuni ya kwanza anayofundishwa mgeni kabla hata ya kukabidhiwa namba ni hii: ukihisi kitu kimeharibika, nyanyua mkono, toka kwenye mstari wa mbio, simama kwenye nyasi. Yeye alishika mstari uleule wa mbio, kona baada ya kona, akiitafuta piti. Nusu ya mzunguko mzima anachora kwa oili palepale ambapo wengine wote tunapitisha tairi.

Wa kwanza kuikuta alikuwa kijana aliyekuwa wa nne, kwenye kona ya kulia ya kasi. Tairi la mbele likaondoka bila onyo. Nyuma yake wakaanguka wawili. Mimi niliona vumbi nikainyoosha pikipiki, nikaingia kwenye changarawe nikabaki juu yake, nimezama hadi ekseli. Ndipo bendera nyekundu, ya kusimamisha mbio, ikatoka. Bendera ya njano yenye mistari myekundu, ile ya kuonya kwamba lami inateleza, sikuiona kwenye kituo chochote nilichopita, na siwalaumu washika bendera. Wale ni wa kujitolea, wanasimama juani siku nzima, na wao ndio waliomfikia kijana kabla ya gari la wagonjwa. Kavunjika mtulinga. Siku hiyohiyo alikuwa anaota jukwaa lake la kwanza.

Sasa sikilizeni matokeo. Theluthi mbili za mbio zilikuwa zimeshakimbiwa, kwa hiyo mbio zikahesabiwa zimekamilika, na nafasi zikachukuliwa mwishoni mwa mzunguko wa 7. Sawa, ndivyo kitabu kinavyosema. Kitabu kinasema pia kwamba ili uhesabiwe lazima urudi piti na pikipiki yako ndani ya dakika 5 tangu bendera nyekundu. Waliolala chini hawakurudi, wakafutwa. Mimi niliyekuwa nachimba changarawe sikurudi, nikafutwa. Aliyemwaga oili alirudi! Alikuwa anaelekea huko tangu mwanzo. Kwa hiyo mwisho wa mzunguko wa 7 alikuwa wa tatu, kafika piti kwa wakati, kapanda jukwaani, kapewa kikombe, kapigwa picha. Safari ileile iliyomvunja mwenzake mfupa ndiyo iliyompa haki ya kuhesabiwa.

Rufaa ni ndani ya dakika 30 tangu matokeo yabandikwe. Yalibandikwa sisi tuko hema la huduma ya kwanza na kijana. Nilipofika ofisini nikaambiwa muda umekwisha, na tena "mzee, pikipiki ile ilikaguliwa, ina stika." Nikauliza vizibo je? Kimya. Nikaomba tukaitazame kabla haijapakiwa. Ilikuwa imeshapakiwa.

Najua watakuja wa kusema klabu inaendeshwa na watu wa kujitolea tusiwavunje moyo. Kujitolea hakumzuii mtu kuinama. Mkaguzi mmoja, dakika chache kabla ya kila mbio, apite kwenye mstari wa kusubiri aangalie vizibo tu. Pikipiki zetu zote ziko pale, zimesimama, zinangoja. Rejeta zipimwe kwa kuchagua chache bila taarifa, na atakayekutwa na glaikoli arudi nyumbani wikiendi nzima, si kuosha rejeta na kuendelea. Na ile kanuni ya dakika 5 iongezwe sentensi moja: aliyesababisha bendera nyekundu hahesabiwi. Klabu nyingine wanayo, haihitaji mkutano mkuu.

Na wewe mwenye kikombe, ukisoma hapa, sikutukani. Nakuuliza tu ulipoona moshi kwenye mzunguko wa 7 uliwaza nini.

Kamati inakutana Alhamisi. Nimeandika barua na kijana kasaini kwa mkono wa kushoto. Kinachopungua ni ushahidi wa picha. Mliokuwa nafasi ya tano hadi ya kumi, najua angalau wawili wenu mlikuwa na kamera kwenye pikipiki. Nahitaji kipande cha kuanzia mstari wa kumalizia hadi ile kona, bila kukatwa, saa na sauti viwepo. Aliyekuwa amesimama ukutani na simu vilevile. Msiweke hapa, nitumieni faragha kabla ya Jumatano jioni, na mseme kama mko tayari kuja kusema mbele yao.