Tupeane uzoefu: kumuuguza mzazi wa kitandani, hasa sisi wa Kigoma na Tabora

Mwana wa Kibirizi
Wakuu, habari za jioni. Leo nimeingia duka moja pale Mwanga kuulizia pampasi. Dada wa dukani akaniuliza, "Mtoto ana kilo ngapi?" Nikamjibu sitini na kitu. Akacheka, mimi nikashindwa. Mtoto mwenyewe ni mama yangu mzazi.

Kiharusi kilimpiga mwaka juzi, upande wa kulia hauna kazi, maneno yanatoka kwa kuhesabu. Dada zangu mmoja kaolewa Mpanda, mwingine yuko Dar. Nimebaki mimi kitinda mimba, mwanaume, sina mke. Mwanzoni nilimlipa binti wa jirani aje kumwogesha. Siku asipokuja, mama analala na uchafu wake, maana mimi kumvua nguo mama yangu niliona ni laana. Asubuhi moja nimerudi kutoka mwaloni nikamkuta kajifunika khanga usoni. Nikadhani keshakufa. Kumbe ni aibu. Nikafunga mlango, nikachemsha maji. Tangu siku ile namwogesha mwenyewe, khanga iko juu, mkono unapita chini, macho ukutani. Hatujawahi kuliongelea.

Waliopitia haya walifanyaje? Halafu hapa juu ya makalio ngozi imeanza kuwa nyeusi kuliko kwingine, na ina joto.

Dagaa Mkavu
Mkuu umenitoa machozi niko kazini.

Nesi Mstaafu
Hiyo rangi ni kidonda kinabisha hodi. Usiisugue, wala usiipake spiriti. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku pia. Mto katikati ya magoti, na visigino vining'inie visiguse godoro. Shuka isiwe na mikunjo. Akikojoa asikae na unyevu.

Kasulu Moja
Mama nesi eleza vizuri hapo. Mimi niliambiwa nimgeuze babu "kila saa mbili", nikawa namgeuza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kidonda kilifika kwenye mfupa. Watu wanacheka nikisimulia lakini sikuwa na kosa, ndivyo nilivyoelewa.

Nesi Mstaafu
Huna kosa, mwanangu. Kosa ni la aliyekuambia akageuka kwenda zake.

Mnyamwezi wa Ipuli
Mwangaluka. Kidonda cha kulalia dawa yake asali. Asali ya huku Tabora, ya nyuki wadogo, paka asubuhi na jioni. Maliza.

Mama Wawili wa Gungu
Uzi huu umenikumbusha jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Naomba mnivumilie, ni refu.

Baba mkwe wangu alikuwa na ule ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson. Mkono unatikisika kama anahesabu pesa, anatembea kwa hatua fupi fupi, uso hauonyeshi kitu. Mjue mimi ni mkwe. Kwa mila za kwetu hata kukanyaga chumba chake ni shida, sembuse kumshika. Mume wangu yuko ziwani siku tatu nne hajarudi. Kwa hiyo chakula naweka mlangoni, mjukuu ndiye anaingiza.

Akapewa vidonge vya Artane, benzeksoli. Mkono ukatulia kiasi, tukashukuru. Halafu akasema miguu inawaka usiku na halali, akaandikiwa amitriptilini sehemu nyingine. Halafu akapata mafua, mtoto akatumwa duka la dawa akarudi na Piriton. Hakuna aliyekuwa anahesabu.

Siku ya nne ya mafua akaanza kuongea na kaka yake. Kaka yake alishafariki siku nyingi. Anamwambia, "Subiri nivae, boti isituache." Vidole vinachumachuma shuka kama anatoa samaki kwenye wavu. Mdomo mkavu mpaka ulimi unagonga. Uso mwekundu, mwili wa moto, na jasho hata tone. Wifi zangu wakaja, wakatazamana. Jioni hiyo hiyo mbuzi akanunuliwa, mganga akaitwa. Mganga akasema ni marehemu anamdai mali, na mimi niliyeolewa juzi ndiye nimefungua mlango.

Usiku mjukuu akaniambia, "Mama, babu tangu jana hajaomba kopo." Nikasimama pale mlangoni nikawaza, mila au mzee? Nikaingia. Tumbo chini ya kitovu limevimba gumu kama papai bichi. Nikambeba na mtoto mpaka bajaji. Wifi mmoja alinitukana mpaka barabarani, sitayaandika.

Hospitali wakamwekea mpira wa mkojo. Mfuko ukajaa, ukamwagwa, ukaanza kujaa tena. Mzee akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Kijana mmoja wa zamu, hata ndevu hajaota vizuri, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Anakunywa dawa gani zote? Nenda kaniletee, na za dukani pia." Nikapeleka mfuko wa rambo. Akazimwaga mezani, akatenga tatu. Akasema hizi tatu zote kazi yake moja, zinakausha.

Piriton ilisimamishwa usiku ule, zile mbili daktari akazipunguza kidogo kidogo. Wiki ya pili mzee akili imerudi. Neno lake la kwanza kwangu: "Ile boti iliondoka?" Nikamwambia iliondoka baba, tulichelewa.

Dagaa Mkavu
🙌🙌 Boti iliondoka!

Shemeji wa Uvinza
Mbuzi aliliwa au alirudishwa?

Mama Wawili wa Gungu
Aliliwa. Na mimi sikupewa hata utumbo.

Kasulu Moja
Kwa hiyo dawa za hospitali ndizo uchawi wenyewe. Nilishasema siku nyingi humu.

Nesi Mstaafu
Hapana, usigeuze. Kuna kemikali mwilini inaitwa asetilikolini, neva huitumia kuamrisha mate, jasho, utumbo, kibofu, hata kumbukumbu. Artane inaizuia, ndiyo maana mtetemeko unapungua. Amitriptilini nayo inaizuia. Piriton pia. Kijana wa miaka 20 ataona mdomo mkavu tu. Mzee wa miaka 70 mwenye tezi dume ukimrundikia zote, mkojo unafunga na akili inahama. Mwenye presha ya macho naye lazima aseme kabla hajaandikiwa.

Fundi Redio
Asante sana mama. Bibi yangu anakunywa hiyo Artane, nimeitupa chooni sasa hivi.

Nesi Mstaafu
UMEFANYA NINI? Hazikatwi ghafla! Rudi hospitali kesho asubuhi na kadi yake.

Mnyamwezi wa Ipuli
Fundi Redio usicheze kabisa. Mdogo wangu ana ugonjwa wa akili, anachoma sindano kila mwezi na anapewa vidonge hivyo hivyo ili mwili usikakamae. Mwezi mmoja vilikosekana, nikasema si kitu, sindano keshachoma. Siku ya pili shingo imepinda inaangalia bega, macho yamepanda juu, mate yanatiririka, anaogopa mpaka analia. Kachomwa sindano nyingine hospitali, baada ya muda kidogo shingo ikarudi.

Na vina mambo yake pia. Mwezi wa kumi hapa Tabora kabla ya mvua mnaujua, hata mbwa haondoki chini ya mwembe. Yeye hatoki jasho, anachemka kama sufuria iliyofunikwa. Namlaza kivulini, taulo mbichi shingoni, maji kila mara. Choo nacho kinagoma siku tano, tunahangaika na papai na ukwaju. Na vidonge navificha ndani ya debe la unga, maana vijana wa kijiweni walishaanza kumrubuni awauzie. Wanalewea.

Mama Wawili wa Gungu
Choo kikigoma mpe kijiko cha mawese asubuhi.

Shemeji wa Uvinza
Mawese yanafunga bwana, yanafungua lini?

Mama Wawili wa Gungu
Uvinza mnajua chumvi tu. Mawese tuachieni wenyewe.

Nesi Mstaafu
Maji, matunda, na atembezwe hata hatua kumi. Siku tano ni nyingi, Mnyamwezi, mwambie daktari wake. Na kuhusu asali yako: kweli asali hutumika kwenye vidonda, lakini ile iliyosafishwa kwa kazi hiyo, siyo ya debe iliyopita kwenye mikono ya watu sita. Na ngozi ya mama yake huyu haijapasuka bado, utapaka wapi?

Mnyamwezi wa Ipuli
Asali ya Tabora haina uchafu mama. Uchafu inaupatia Dar.

Mwana wa Kibirizi
Wakuu nimesoma yote. Nimekwenda chumbani nikamwaga dawa za mama kitandani, moja moja. Ya presha, aspirini, na nyingine nyeupe ndogo haina jina, iko kwenye bahasha ya kaki imeandikwa 1x2. Ameinywa miezi minne. Dada wa Mpanda anasema yeye hajaleta. Wa Dar hapokei simu.

Nesi Mstaafu
Usiikate wala usiendelee nayo kwa kubahatisha. Kesho mapema ibebe na bahasha yake mpaka pale alipoandikiwa za presha. Mdomo wake ukoje, mkavu?

Mwana wa Kibirizi
Mkavu. Nilidhani ni kwa sababu haongei.

Dagaa Mkavu
Kesho samaki wako nitakuuzia mimi, nenda na mama. Nani atamlipa bajaji?

Kasulu Moja
Weka namba PM, natuma elfu tano. Na saa sita hii, umemgeuza?

Mwana wa Kibirizi
Namgeuza sasa. Ameniangalia, halafu kaniambia "simu". Sijui anaitaka au anasema niiweke chini.