Programu ya AI ya kusoma eksirei za mgongo kwenye kliniki ya kairopraktiki: iingie hatua gani?

Pingili24 (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Kliniki yetu ya kairopraktiki (tiba ya mgongo na viungo kwa mikono) imeletewa programu ya akili mnemba inayopima pembe za mgongo kwenye eksirei na kupima mkao kutoka picha za simu. Muuzaji anataka kila mgonjwa mpya apigwe eksirei ya mgongo mzima, halafu ripoti ndiyo ipange idadi ya vikao. Wengi wa wagonjwa wana maumivu ya mgongo wa chini, umri miaka 25 hadi 60. Naomba ushauri: iaminiwe kiasi gani, na itumike lini?

Chumba cha Giza
Mkuu, kupima pembe inaweza, mradi picha iwe sawa. Pembe ya Cobb hupimwa kati ya uso wa juu wa pingili ya juu iliyoinama zaidi na uso wa chini wa pingili ya chini iliyoinama zaidi. Kuanzia nyuzi 10 ndipo tunaita skoliosisi (mgongo kupinda upande). Wapimaji wazoefu wenyewe hutofautiana nyuzi 3 hadi 5. Programu ikiandika 13.4 leo na 11.1 baada ya miezi miwili, usimwambie mgonjwa kwamba mgongo umenyooka.

Kinachoharibu kipimo: mgonjwa kupigwa akiwa amelala (mkunjo hupungua), goti moja kukunjwa, au picha kuvutwa upande mmoja. Pakia faili la DICOM (faili asili la mashine ya eksirei) lenyewe. Picha ya skrini au iliyopita WhatsApp hupoteza taarifa ya ukubwa wa pikseli, na hapo vipimo vya milimita ni vya kubahatisha.

Halafu kuna suala la pande. Wanakairopraktiki wengi huitazama eksirei kana kwamba wamesimama nyuma ya mgonjwa, ilhali radiolojia huitazama kwa mbele. Ukiigeuza kabla ya kuipakia, mkunjo wa kushoto utaandikwa wa kulia. Angalia herufi ya alama kwenye kila picha. Angalia pia pingili za mpito: L5 (pingili ya mwisho ya kiuno) ikiwa imeungana na sakramu (mfupa ulio chini yake), programu inaweza kukosea hesabu na ripoti nzima ikahama ngazi moja.

Fizio wa Pwani
Eksirei kwa kila mgonjwa mpya, hapana. Eksirei ya kiuno ni takriban milisivati 1.5 za mionzi, ya kifua ni 0.1. Kwa maumivu ya mgongo wa chini yasiyo na dalili za hatari, miongozo inasema usipige picha yoyote ndani ya wiki 6 za mwanzo.

Kingine, mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 kuhusu watu wasio na maumivu kabisa yalikuta diski zilizochakaa kwa 52% ya wenye miaka 30 na 80% ya wenye miaka 50. Programu ikiweka duara jekundu kwenye diski, imeona kitu cha kweli. Kwamba ndicho kinachouma, hilo picha haiwezi kusema.

Kwa hiyo mpangilio uwe hivi: historia, kisha uchunguzi kwa mikono yako, uandike utambuzi wako kwenye faili, ndipo ufungue programu. Ukiifungua kwanza, jicho litafuata duara.

Kwenye historia uliza bila aibu: ganzi sehemu za kukalia na sehemu za siri? Mkojo umegoma au unavuja? Hao ni wa hospitali siku hiyohiyo, usiwaguse mgongo. Homa, jasho la usiku, kupungua uzito, kikohozi cha muda mrefu: fikiria kifua kikuu cha mgongo, ambacho mwanzoni eksirei yake inaweza kuonekana safi kabisa na programu ikaandika "kawaida". Ongeza historia ya saratani, kuanguka, na matumizi ya muda mrefu ya steroidi.

Kwenye uchunguzi: inua mguu ulionyooka, maumivu yakishuka mguuni kati ya nyuzi 30 na 70 andika. Mgonjwa ainue kidole gumba cha mguu dhidi ya mkono wako (neva ya L5), asimame kwa vidole (neva ya S1), pima rifleksi ya goti na ya kisigino. Hakuna kamera inayofanya haya.

Kwa shingo kuwa mkali zaidi. Maumivu mapya ya ghafla ya shingo au kichwa pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili, ulimi mzito au shida ya kumeza: usisukume pingili, peleka hospitali. Mshipa wa damu uliochanika hauonekani kwenye eksirei, kwa hiyo ukimya wa programu hapo hauna maana yoyote.

Hesabu Kwanza
Muuzaji akitaja "usahihi 90%", fanya hesabu. Tuseme kati ya wagonjwa 1,000, wenye mvunjiko wa mfupa ni 20, na hiyo 90% ni kwa wenye mvunjiko na kwa wazima pia. Programu itawanasa 18, lakini kati ya wale 980 wazima itawapigia kengele 98. Kengele 116, za kweli 18. Omba muda wa majaribio, uipe eksirei za zamani zenye ripoti ya radiolojia, zikiwemo mbaya kiufundi. Pakia picha ileile mara mbili uone kama jibu linabadilika.

Pingili24
Nashukuru sana. Na picha za mkao kwa simu je? Wagonjwa wanazipenda.

Chumba cha Giza
Simu iwe kwenye stendi, usawa wa kitovu, mita 3, alama za miguu sakafuni. Simu ikiinama nyuzi 1 tu, mabega yenye upana wa sentimita 40 yataonekana yametofautiana milimita 7. Ndiyo maana bega "lililoshuka" hupona bila tiba.

Fizio wa Pwani
Zitumie kumwonyesha zoezi, si kumuuzia vikao 24. Panga vikao vichache, tuseme 6, kisha pima tena maumivu na kazi anazoweza kufanya. Pasipo mabadiliko, rudi kwenye utambuzi wako.

Hesabu Kwanza
Kabla ya kusaini, uliza seva iko nchi gani na nani anabaki na picha. Kama mko Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Kenya ni ile ya 2019. Taarifa za afya ni nyeti, ridhaa iwe ya maandishi, na jina la mgonjwa lifutwe ndani ya faili la DICOM, si kwenye jina la faili peke yake.