Tupeane uzoefu: huduma na malezi ya mtoto baada ya talaka

Mama Wawili, Jang'ombe
Assalaam alaykum. Mwaka wa tatu huu tangu niachwe. Nina watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo ndo kwanza chuo cha Kurani anapambana na alifu. Baba yao si mtu mbaya, nisimsingizie. Tabu yake pesa anampa mtoto mkononi. Kila Ijumaa baada ya sala anamkunjia elfu kumi ndani ya mfuko wa kanzu, mtoto anafika nyumbani na elfu saba, mdomo mwekundu kwa pipi. Mwezi ukiisha yeye anahesabu arubaini, mimi nahesabu ishirini na kitu, na sote tunaapa. Yaliyokukuteni semeni. Majina ya watu tusiweke.

Seremala, Wete
Mimi ni baba, na mnisikilize. Msimu wa karafuu uliopita nilipouza nilipeleka laki tatu kwa mama mkwe, ndo huduma ya miezi mitatu. Sikuandika. Mkwe utamwandikisha vipi? Mara naitwa kwa kadhi eti sijatoa hata senti. Nikaulizwa ushahidi uko wapi. Akaitwa mkwe mwenyewe, naye muungwana hakukana: kasema pesa alipokea, ila alidhani namshukuru yeye! Kadhi alijikaza asicheke. Siku hizi natuma kwa simu na ujumbe siufuti. Risiti za sare za skuli naweka kwenye kopo la maziwa.

Bi Ukili, Fuoni
Yangu ya hadhana, yaani haki ya kukaa na mtoto na kumlea. Niliolewa tena mtoto ana miaka minne, wiki mbili hazikutimia samansi hiyo. Baba anamtaka mwanawe kwa kuwa nimeolewa na mtu baki. Hoja anayo, kwa madhehebu yetu ya Shafi mama akiolewa na asiye jamaa wa mtoto, hadhana inamtoka. Alichosahau ni kuwa haiendi kwake moja kwa moja, mama yangu yuko mbele yake. Basi bibi akaja na mkoba wake wa ukili, akakaa kwenye benchi anasuka mpaka tulipoitwa. Mtoto sasa analala kwa bibi, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Na matunzo yamebaki pale pale kwa baba, mtoto akae kwangu, akae kwa bibi.

Karani Mstaafu, Mkoani
Nimekaa mahakamani miaka mingi. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya hapa Zanzibar, Namba 9 ya 2017, imeyataja wazi matunzo na hadhana, kwa hivyo msizungushwe. Lakini wengi mnakuja kudai laki mbili za hewani. Kadhi anaangalia uwezo wa baba na haja ya mtoto. Njoo na hesabu: unga, daladala, madaftari, ada ya chuo, dawa. Na nyinyi kina mama, kumficha mtoto kwa kuwa baba hajatoa pesa ni kujiharibia. Pesa ni shauri moja, kuonana ni jengine. Ukiyachanganya utatoka mdaiwa wakati ulikuja mdai.

Mjukuu wa Michenzani
Mimi ndiye niliyegombaniwa. Nilikuwa na miaka minane, nishafika umri wa kuchagua. Mama kanivisha gauni la Sikukuu. Baba kaja na baiskeli nyekundu, kaiegemeza ukutani pale ninapoiona kwa dirishani. Kadhi akanisogeza mezani, akaniuliza kwa upole nataka kukaa na nani. Nikachagua baiskeli. Mama alinitengeneza ukosi wa gauni, akatoka nje. Kwa baba nilikaa miezi mitano, nikaomba kurudi, na hakuna aliyenizuia, kumbe mtoto anaweza kubadili. Baiskeli niliiacha kule. Hadi leo mama hajaniuliza kwa nini, na mimi sijamwambia.

Seremala, Wete
Mjukuu, umenikata maini. Wangu anatimiza saba mwezi wa Mfunguo Tatu na mie nilishaanza kuulizia bei ya baiskeli.

Mama Wawili, Jang'ombe
Nimesoma yote, jana nikampigia baba yao. Tumekubaliana, kuanzia Ijumaa hii anatuma kwa simu na anaandika ni ya nini. Mtoto kanuna tangu asubuhi, hataki hata kuvaa kanzu.