Riwaya ya bendi ya roki ya Mombasa: wasomaji wake niwapate wapi?

MwanaKisauni

Asalam aleikum wakuu, na salamu kwa nyote.

Nimetoa riwaya mwenyewe, bila mchapishaji. Ni habari ya vijana wanne wa Majengo walioanzisha bendi ya roki katika mji ambao ukitaja bendi, mtu anafikiria arusi au hoteli. Gitaa wanaazima. Mazoezi wanafanyia kwenye gereji ya fundi magari, usiku, akishafunga. Wakipata shoo wanaambiwa wapige zile nyimbo watalii wanazozijua. Vijana hawa nimeishi nao kichwani muda mrefu na nawapenda kama ndugu zangu, kwa hivyo naomba ushauri wa kweli, si wa kunifurahisha.

Hali ilivyo: ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, nilichukua KNLS, maktaba ya taifa. Nakala 300 zilichapwa Nairobi zikashuka na basi, kila moja imenisimamia shilingi 320 pamoja na usafiri. Bei nimeweka 800. Jamaa na marafiki wamenunua, Mungu awabariki, lakini wao wamenunua kwa sababu yangu. Mimi namtaka msomaji asiyenijua kabisa. Duka moja la vitabu mjini lilichukua nakala chache, nilipopita kuangalia nikazikuta nyuma ya vitabu vya marudio ya KCSE, hata mgongo hauonekani.

Nyuma ya jalada nimeandika: "Safari ya kusisimua ya ndoto, urafiki na matumaini ya vijana wanne wanaopigania muziki wao." Maneno hayo hayo nimeyaweka Facebook. Watu wanabonyeza kupenda, wanapita. Nianzie wapi?

KijanaWaTudor

Hongera kaka, kumaliza kitabu si mchezo.

Mimi ningetumia jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Yule alizaliwa Unguja mwaka 1946, ni mtu wa pwani yetu. Tengeneza bango, "Roki ilianzia pwani," watu watasimama.

La pili, kuna Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. UNESCO iliitangaza 2021, na siku hizi ikikaribia vyuo na maktaba hutafuta mwandishi wa kumweka mbele ya watu. Andika barua mapema, usingoje Juni.

MpigaBesi

Hilo la 7 Julai zuri. La Freddie liache. Familia yao ilihamia Uingereza 1964 na jina lake la muziki alilipatia huko. Anayetafuta habari za Queen akikuta vijana wa Majengo atahisi amedanganywa, na wewe kitabu chako hakihitaji kumdanganya mtu.

Mimi nimepiga besi kwenye hoteli za Bamburi na Nyali miaka mingi. Nikiona mtu ameandika juu ya bendi ya hapa, swali langu ni moja: huyu anaijua kazi, au ameiona kwenye filamu? Anajua kwamba nyuzi za gitaa huku hazidumu, upepo wa bahari unazila kutu kabla hujazizoea? Anajua kwamba meneja wa hoteli anakulipa mwisho wa mwezi, lakini nauli ya kurudi nyumbani usiku wa manane anakutaka ujitafutie? Msomaji wako wa kwanza ni mwanamuziki. Tuko wengi, na hakuna anayetuandika. Sisi tukikubali kwamba umesema kweli, tutawaambia wake zetu, wapwa zetu na walevi wote wa baa.

Ila hayo maneno ya jalada hayaniambii kama unajua. Weka hapa kipande kimoja cha ndani tukione.

MwanaKisauni

Sawa kaka. Hiki ni cha sura ya tatu, wanaenda kupiga ng'ambo:

*Hamadi alikataa spika isiwekwe kwenye mkokoteni pamoja na magunia ya vitunguu. Akaitia begani. Feri ilipong'oa, akaigeuza uso wake usielekee mawimbi, akaifunika kwa shati lake mwenyewe. "Chumvi haina adabu," akasema, kifua wazi, abiria wakimtazama. Kule Likoni mwenye ukumbi aliwaangalia vijana wanne na spika yao moja, akauliza, "Nyimbo za arusi mnazo?" Hamadi akajibu wanazo. Hawakuwa nao hata mmoja.*

MpigaBesi

Wallahi umenipata. Hilo la shati nimelifanya mimi mwenyewe, na hapo kivukoni hapo hapo.

BiVitabu

Mwanangu MwanaKisauni, nimefanya kazi ya kuuza vitabu mjini hapa tangu kabla ya simu za mkononi, sasa nimepumzika. Nisikilize mimi.

Kwanza futa yale maneno ya jalada. "Safari ya kusisimua" imeandikwa nyuma ya kila riwaya niliyowahi kuipangusa vumbi. Mteja akishika kitabu dukani ana muda wa kusoma mistari miwili mitatu tu kabla hajakirudisha. Mpe mwenye ukumbi, swali lake, na jibu la Hamadi. "Nyimbo za arusi mnazo? Hamadi akajibu wanazo. Hawakuwa nao hata mmoja." Ishia hapo. Nakala zilizokwisha kuchapwa huwezi kuzibadili, basi chapisha vikaratasi vya kutia katikati ya kitabu kama alama ya ukurasa, uviandike hayo. Na Facebook weka hayo, ufute ile ya zamani.

Pili, duka. Usilichukie duka. Mwenye duka anaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya inayouzika kwake ni ile teule, iliyo kwenye silabasi. Ukimpelekea riwaya Januari, wazazi wamejaa mpaka mlangoni na orodha za shule mkononi, hakuoni wala hakusikii. Nenda shule zikishafunguliwa na vurugu zikishatulia. Na hesabu yake uijue kabla hujaingia: mimi nilikuwa nikikata asilimia 35 kwa kitabu cha mali kauli, yaani kinacholipwa kikishauzwa. Kwenye 800 yako hiyo ni 280. Unabaki na 520, toa 320 za kuchapisha, una shilingi 200, na bado hujapanda matatu kwenda kudai. Ukiuza mwenyewe mkono kwa mkono unabaki na 480. Kwa hivyo duka liwe mahali pa kumwelekeza mtu aliyekwisha kukitaka, si mahali pa kusubiri akitake. Acha nakala tano, andikisha, upewe karatasi yenye sahihi na tarehe ya kurudi kuhesabu. Mwandishi asiyerudi kuhesabu hulipwa wa mwisho.

Kuna watu watakutisha na VAT. Ni kweli tangu sheria ya 2013 vitabu vinatozwa asilimia 16, lakini kujisajili ni lazima kwa mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 na zaidi kwa mwaka. Hilo lisikukoseshe usingizi.

Tatu, na hapa ndipo ninapotaka unisikie. Watu wa pwani ni watu wa sikio. Nimeona kitabu kimekaa rafuni miezi, mtangazaji akasoma ukurasa wake redioni, kesho yake watu watatu wanakuja kukiulizia, wawili hawajui hata jina lake, "kile cha yule mwanamke na kisima." Nenda kwenye redio zetu. Pwani FM iko chini ya KBC, na Swahilipot pale mjini wana redio yao na jukwaa la wasanii. Usiende kuomba mahojiano ya kueleza "kilichokusukuma kuandika." Omba dakika tano za kusoma. Soma hicho cha feri, unyamaze, mtangazaji ataje bei na namba ya till ya kulipia. Basi.

Wanasema chema chajiuza. Si kwa vitabu, mwanangu. Nimerudisha vyema vingi kwa wenyewe vikiwa na majani ya manjano kwa jua la dirishani, na kila mara roho iliniuma.

BintiTanga

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya Horohoro. Huku kwetu waandishi wengi wanauza hadithi kwa vipande WhatsApp na Facebook. Sehemu za mwanzo bure, kila moja inakatwa pale pale mtu anapotaka kujua kinachofuata, "itaendelea," halafu anayetaka zilizobaki analipia anaongezwa kwenye kundi. Wewe una kitabu tayari, basi toa sura tatu za mwanzo hivyo, ya tatu uikate kwenye "Hamadi akajibu wanazo." Nakuhakikishia watu wataomba namba ya malipo wenyewe.

Angalizo: usitume PDF nzima kwa yeyote, hata rafiki. Ikitoka mkononi imekwenda.

Na kama mazungumzo ya ndani yana Sheng sana, huku itatutatiza. Kiswahili cha hicho kipande ulichoweka kinasomeka Tanga, Unguja, Dar, popote. Usijifungie Mombasa peke yake.

KijanaWaTudor

Nimekubali la Freddie. Lakini wapenzi wa roki wenyewe je? Nairobi wapo. Parking Lot Grass wameimba roki kwa Kiswahili, na wale wawili wa Duma walitoa albamu 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Watu wanaofuata vitu hivyo wana makundi yao mtandaoni, na sidhani kama wamewahi kuona riwaya ya Kiswahili inayowahusu.

MpigaBesi

Hao nao sawa, lakini watu hao ukiwapelekea picha ya jalada watapita. Wanataka kusikia. Na hapa ndipo nilipokuwa nakuja.

MwanaKisauni, bendi yako kitabuni ina wimbo wao wenyewe? Wimbo hasa, wenye maneno, au umeandika tu "wakapiga wimbo wao watu wakashangilia"?

Nauliza kwa sababu ukirekodi video ukapiga nyimbo za watu wengine, mtandao utakuzibia sauti. Wimbo wa kitabuni ni wako. Them Mushrooms walitoka mji huu huu, wakapiga hotelini miaka ya 1970 kama sisi, na kilichowatoa ni nyimbo zao wenyewe, si zile walizoagizwa na meza za mbele. Ukiwa na wimbo mmoja wa Hamadi na wenzake, una kitu cha kupeleka redioni, cha kuweka kwenye makundi hayo ya Nairobi, na cha kufungulia pale utakaposoma. Mtu akiuliza "hii bendi ni ya wapi?" unampa kitabu.

MwanaKisauni

Maneno yapo yote, sura ya nane, beti tatu na kiitikio. Hamadi anauandika kwenye risiti za gereji. Sauti yake ninaisikia kichwani lakini sijui kupiga chochote, mimi ni karani wa bandari.

Bi mkubwa, nimeshafuta lile tangazo la Facebook, nimeweka la mwenye ukumbi. Na Jumatatu nitapita dukani na karatasi ya kutiwa sahihi. BintiTanga, Sheng iko kwa kijana mmoja tu, yule wa dramu, na nitaipitia kabla sijaanza kutoa vipande.

BiVitabu

Ukipita dukani usiwaambie wakitoe nyuma ya vitabu vya marudio. Kitoe mwenyewe, mpe muuzaji nakala moja ya zawadi akasome nyumbani. Anayekaa kaunta akikipenda hatakiweka nyuma tena.

MpigaBesi

Karani wa bandari si kitu, kuna wanaopiga gitaa kila siku na hawana wimbo wa kusema.

Nitumie beti hizo kwenye ujumbe wa faragha. Kisha jirekodi kwa simu ukiuimba hivyo hivyo unavyousikia, hata sauti ikikwaruza, mimi nitatafuta nota. Jumapili baada ya alasiri sina kazi. Besi na amplifaya ndogo ninazo, gitaa nitamwambia jamaa mmoja wa Mtwapa. Tafuta mahali penye stima ya uhakika, na kama ile gereji uliyoiandika ipo kweli, muulize fundi kama anatuachia mpaka saa tatu usiku.