Familia ya Bi Mwanaidi, Majengo 🌙

[07:12] Shangazi Rehema: Asalaam aleikum nyote. Safari ya Zuhura ya kazi Urusi imeiva. Jumapili saa nane kwa Bibi tufunge mchango. Tiketi wanalipa Warusi, sisi ni koti, viatu na pesa za mfukoni. Kila nyumba 1,000.

[08:40] Shangazi Rehema: Naona mmesoma.

[10:03] Baraka: Koti niachieni mimi. Gikomba belo za mitumba zikifunguliwa alfajiri napata kamera, zile bora 💪

[10:21] Salim: Shangazi, ni ile ya Alabuga, kule Tatarstan? Wanachukua wasichana wa miaka 18 hadi 22, matangazo yanasema hoteli na upishi. Wakifika wengi wanaunda droni za Shahed zinazopiga Ukraine. Shirika la habari la AP liliwahoji 2024. Mmoja alisema dawa anayopakia droni inamchoma uso kama sindano, mashavu yakatoka vitobo.

[10:24] Baraka: Zuhura hata balbu hajui kubadilisha 😂😂

[10:25] Mama Faki: 😂😂 Warusi watashindwa vita

[10:31] Salim: Sichezi. Aprili 2, 2024 Ukraine ilipiga mpaka bweni lao. Na huko ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mpakani.

[10:38] Shangazi Rehema: Mitandao hiyo. Ajenti nimekaa naye uso kwa uso, ni mtu wa heshima.

[10:44] Mama Faki: Hata yule wa Mwanaisha alikuwa wa heshima.

[10:45] Shangazi Rehema: Ya Mwanaisha yaliisha.

[10:45] Mama Faki: Kwako.

[10:52] Baraka: Jamani pilau Jumapili ipo ama tuje tumekula?

[13:17] Mama Faki: Nimemsomea Bibi yote. Anasema niandike hivi, nisipunguze: "Baba yangu alikuwa keya, askari wa Mwingereza, wakampeleka Burma. Vita si vyake, ugomvi si wake. Aliporudi tulizaliwa chumba cha kupanga, na humo humo akafia. Pasipoti ya mtoto iletwe kwangu."

[15:48] Shangazi Rehema: Tumesikia Bibi. Lakini Jumapili iko palepale, tutaongea.

[15:50] Salim: Pasipoti iko kwa nani?

[19:26] Zuhura: Shikamoo Bibi. Iko kwa shangazi. Fomu nilijaza mwenyewe, sikusukumwa. Tangu nimalize form four nimeosha vyombo kwa watu, hapo hakuna aliyeitisha mkutano.

[19:41] Salim: Njoo tuongee Zuhura, mimi na wewe tu.

[22:09] Mjomba Juma: Nilikuwa kazini. Hongera sana mama! Rehema nimekutumia 500, nyingine mwisho wa mwezi.