Kwa nini galiamu haina mgodi wake?

Muulizaji:
Habari zenu wanajukwaa. Nimesoma kwamba kila tani ya ganda la dunia ina wastani wa gramu 19 hivi za metali iitwayo galiamu, kiasi kinachoizidi kidogo hata risasi, ambayo watu wameichimba tangu enzi za kale. Ikiwa ndivyo, mbona sijapata kusikia mgodi wa galiamu, na mbona dunia nzima huzalisha mamia ya tani tu kwa mwaka?

Jibu la kwanza:
Ndugu, wingi ni jambo moja na kupatikana ni jambo jingine. Risasi huungana na salfa ikawa galena, jiwe zito linalong'aa ambalo mchimbaji hulitambua kwa macho. Galiamu haina tabia ya kujikusanya. Ioni yake, yaani atomu yake yenye chaji ya umeme, ina chaji sawa na ya alumini na ukubwa unaokaribiana nayo, kwa hiyo fuwele za madini zinapojijenga, hujipenyeza katika nafasi za alumini, chembe hapa na chembe pale. Nyingine hujificha katika mawe ya zinki. Madini yaliyo yake hasa yapo, kama galiti ya Tsumeb, Namibia, lakini ni haba mno kuchimbwa.

Basi hupatikana kwa mgongo wa alumini. Boksiti, mawe yanayotolewa alumini, yenye gramu 50 hivi za galiamu kwa tani, huyeyushwa katika hidroksidi ya sodiamu iliyopashwa moto. Alumina, yaani oksidi ya alumini, ikishatengwa, maji yale yale hurudishwa kazini, na galiamu iliyobaki humo hulimbikizana mzunguko baada ya mzunguko hadi ifae kutolewa. Kwa hiyo bei ikipanda, huwezi kuongeza galiamu upesi pasipo kuwa na kiwanda cha alumina. China, yenye viwanda vingi vya namna hiyo, hutoa zaidi ya asilimia 90 ya galiamu ghafi, na tangu Agosti 2023 mauzo yake ya nje yanahitaji kibali.

Jibu la pili:
Naongezea kuhusu tabia zake, maana ndizo zilizonivutia. Huyeyuka kwenye nyuzi 29.8 za Selsiasi, hivyo kipande kigumu ukikifumbata hulainika pembeni kwanza, kisha kinateleza kiganjani na kuacha doa la kijivu. Mimi niliihifadhi katika kichupa cha kioo nikakijaza hadi shingoni; ilipoganda ilitanuka kama maji yanavyotanuka yakiwa barafu, kichupa kikapasuka. Sasa natumia cha plastiki, na sikiachi karibu na kitu cha alumini, kwa sababu galiamu hupenya katikati ya punje za metali hiyo hadi ikavunjika kama biskuti.

Muulizaji:
Nashukuru. Je, ina sumu kama zebaki?

Jibu la pili:
Hapana, si kama zebaki. Galiamu haitoi mvuke wa kutajika katika joto la kawaida, ndiyo maana hata vipimajoto vya homa hutengenezwa kwa aloi yake na indiamu na bati. Vaa glavu tu. Lile doa huganda sana kwenye kucha.