Yule wa dirisha la dawa leo kanivua nguo mbele ya benchi zima

Mzee wa Hoja

Wakuu salamu baadaye, nina hasira nabonyeza simu mpaka naogopa kioo kitapasuka. Nimetoka kituo cha afya sasa hivi hata viatu sijavua. Ni yule wa dirisha la dawa. Simtaji, mnamjua, yeyote aliyewahi kuugua hata mafua hapa kwetu anamjua, yule miwani kaipandisha kwenye kipaji cha uso, kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Yule aliyeletwa na haya wanayoyaita maboresho.

Sasa sikilizeni. Nimepitisha karatasi yangu kwenye tundu la kile kioo nikaenda kukaa nisubiri kuitwa. Nimekaa pale mpaka ndevu zikaota. Mara nasikia WA FANGASI NI NANI? WA FANGASI ASOGEE HAPA! Benchi zima likageuka kumtafuta wa fangasi, na mimi nikageuka kumtafuta, wallahi, kichwa kiligeuka chenyewe. Akarudia kwa sauti ya kutangaza msiba, WA FANGASI USIONE AIBU NI UGONJWA KAMA MAGONJWA MENGINE! Nikasema sisimami hata iweje, nitakufa na fangasi yangu. Ndipo akashusha ile miwani, akanitazama usoni, akasema WEWE WA SHATI LA MISTARI.

Hakuna mwingine aliyevaa mistari. Kituo kizima, hakuna.

Na kilichoniua ni kwamba hakusema fangasi ya WAPI. Ni ya vidole vya mguu jamani! Nashinda kwenye mabuti kutwa nzima, vidole vimechubuka katikati, basi. Yeye katupa neno lile hewani akaliacha linaelea, kila mtu ajaze mwenyewe. Kuna mzee alikuwa anakohoa tangu asubuhi kohozi limemkaba, kikohozi kilikata palepale ili acheke vizuri.

Yule nesi wetu wa zamani waliyemhamisha alikuwa anakuita kwa jina, anakusogeza pembeni, hata kama una mafua anakunong'oneza. Kile chumba kidogo cha kuongea na mgonjwa sasa kimejaa maboksi na kiti kibovu. Huduma zote dirisha moja, na dirisha lenyewe wameweka kioo chenye tundu usawa wa kitovu, ukitaka kusikika uiname, naye akitaka kusikika apige kelele. Tangazo la mabadiliko wamelibandika ukutani kwa plasta ya vidonda, halafu mwenye kidonda akienda anaambiwa plasta zimeisha.

WEWE WA SHATI LA MISTARI. Mbele za watu. Naomba mniambie mimi nifanye nini maana hapa nilipo sina akili.

Nyundo

Nimefungua uzi mbio nikadhani kweli umevuliwa nguo. Umenipotezea bando mkuu.

Kichwa Ngumu

Pole wa fangasi.

Mama Pacha

Jamani 😂😂😂 "na mimi nikageuka kumtafuta" nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Nyundo

Fangasi ya vidole. Sawa. Hata mimi ningesema ya vidole.

Mzee wa Hoja

Nyundo usinitibue. NI YA VIDOLE. Katikati ya kidole cha nne na cha mwisho, mguu wa kulia. Nipige picha niweke hapa?

Kichwa Ngumu

Usiweke picha tafadhali, tunakula.

Mhenga wa Kona

Mleta uzi kasema kweli ila anaandika kwa jazba. Mwaka 1978 nchi zilikutana Alma-Ata, mji ulioko Kazakhstan ya leo, zikakubaliana kuhusu huduma ya afya ya msingi, na kwenye lile azimio imeandikwa kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Sasa sisi nani alituuliza kabla ya kumhamisha nesi? Nani alituuliza kuhusu kioo?

Nyundo

Mhenga mtu ana fangasi we unampeleka Alma-Ata.

Mhenga wa Kona

Elimu haikudhuru kijana.

Presha Juu

Huyo wa dirisha mimi namwona ni malaika ukimlinganisha na yule wa kipimo cha presha. Zamani tulikuwa na siku yetu ya presha na sukari, mnakaa, mnazoeana, mnajua nani yuko hai. Sasa wametuchanganya na kila mtu, kipimo wamekiweka koridoni karibu na mlango wa choo. Unapimwa umesimama, begi begani, mkono unaning'inia, na yeye anakuuliza maswali huku mashine inabana. Presha unatakiwa ukae kimya kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini usiikunje, mkono usawa wa moyo, usiongee. Mimi pale nasoma 160 kwa 100, nikipimwa nimetulia 132 kwa 84. Kaniongezea dawa kwa ajili ya koridoni.

Mama Pacha

Bora wewe umepimwa. Mimi wanangu wametimiza miezi 9, nimewabeba wote wawili mmoja mbele mmoja mgongoni kwa ajili ya chanjo ya surua, maana sasa wameifanya mara moja kwa wiki. Nafika naambiwa subiri watoto watimie ndio tufungue chupa. Nauliza wako wangapi, naambiwa wawili. Naangalia huku na huku. Hao wawili ni wangu! Nimerudi nao.

Msomaji Kimya

Mama Pacha si kwamba wanakuonea dada. Ile chupa ya surua mara nyingi ina dozi 10, ni unga unachanganywa na maji yake, ikishachanganywa haikai zaidi ya masaa 6, inayobaki inamwagwa. Wakifungua kwa watoto wawili dozi nane zinaenda na maji, na wao wanahesabiwa kila dozi.

Dawa Chungu

Msomaji Kimya nusu ya maneno umeyameza. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri chupa ya surua ifunguliwe hata akiwepo mtoto mmoja tu, kwa sababu mama akirudishwa anaweza asirudi tena, na dozi iliyomwagwa ina nafuu kuliko mtoto mwenye surua. Nimefanya kazi hizo mpaka nikastaafu.

Msomaji Kimya

Ushauri uko sawa mkuu ila hesabu ya mwisho wa mwezi anaifanya nesi yuleyule mmoja aliyebaki. Akimwaga sana anaitwa ajieleze. Hasira yenu mnampelekea asiyehusika.

Mama Pacha

Kumbe na wewe ni wa humohumo! Ndiyo maana kimya.

Mzee wa Hoja

Jamani tunarudi kwenye hoja. Mnakumbuka alisema USIONE AIBU? Yani kama angenyamaza baada ya ile mara ya kwanza ningeweza kusamehe, labda. Lakini kaniona nimeinama najifanya nasoma kile kikaratasi cha unyonyeshaji, akajua kabisa ni mimi, bado akasema wa shati la mistari.

Kichwa Ngumu

Ulikuwa unasoma cha unyonyeshaji? 😂😂

Mzee wa Hoja

Ndicho kilichokuwa karibu!!

Dawa Chungu

Mleta uzi, utani pembeni, dawa ulipewa? Kama ni klotrimazoli ya kupaka, paka na pembeni ya palipochubuka, na muwasho ukiisha usiache, endelea wiki 2 mbele, wengi wanaachia hapo ndio inarudi. Kausha katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi, soksi badilisha kila siku. Na usipake zile krimu za kuondoa muwasho zenye steroidi peke yake, zinaficha fangasi huku inasambaa.

Mzee wa Hoja

Sikupewa. Baada ya kelele zote zile nimefika dirishani kaniambia imeisha, kanunue nje.

Nyundo

Subiri. Kakutangaza bure???

Presha Juu

Hapo sasa na mimi nimekasirika.

Kichwa Ngumu

Shati lichome moto mkuu.

Bibi Foleni

Nyie mnaolalamikia dirisha niambieni kwanza nani kaondoa lile benchi la kivulini. Sisi wenye magoti tulikuwa tunakaa pale. Sasa wamelihamishia ndani na vijana wanalikalia wanachaji simu, ukifika na fimbo yako wanakuangalia tu.

Presha Juu

Bibi shikamoo. Benchi lile liliondolewa kwa sababu akina mama wa watoto walikuwa wanabadilishia nepi pale.

Mama Pacha

Tubadilishie wapi? Meza ya kubadilishia imewekewa printa! Halafu printa yenyewe haina wino, nimeambiwa nikaandike mwenyewe kwenye kadi tarehe ya kurudi. Nyie wa presha ndio mnaokaa hapo mnapiga soga na hampimwi.

Presha Juu

Tunakaa dakika 5 kutulia, nimeeleza hapo juu, soma.

Mama Pacha

Dakika 5 tangu saa mbili mpaka saa sita?

Bibi Foleni

Marahaba mwanangu. Lakini benchi lirudi.

Mhenga wa Kona

Ndugu zangu tuandike barua kwa mganga mfawidhi, tuorodheshe kila kitu, kioo, chumba cha faragha, siku za kliniki, chanjo. Siri ya mgonjwa si hisani, ni wajibu wa kazi yao. Nani yuko tayari kuweka jina la kwanza?

Nyundo

Aanze wa shati la mistari.

Mzee wa Hoja

Sitii jina langu kwenye karatasi yoyote itakayopita kwenye lile tundu.

Bibi Foleni

Benchi liandikwe namba moja.

Mama Pacha

Namba moja surua! Benchi linaua mtu?

Mgeni Mpya

Samahanini wakuu, nimehamia karibuni, sijasoma uzi wote. Nina homa tangu juzi, kesho maabara wapo?

Msomaji Kimya

Yupo mmoja. Wahi kabla ya saa nne, baada ya hapo anahamia mapokezi.

Mgeni Mpya

Na mapokezi wanaanza saa ngapi?

Msomaji Kimya

Akimaliza maabara.